Maana Nyingi za Neno 'Set': Hoja Kuhusu Kamusi, Sarufi na Tafsiri

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazosikika mara kwa mara katika mijadala ya lugha, ipo moja ambayo haijapewa uchunguzi inaostahili. Hudaiwa kwamba Kiingereza ni lugha tajiri kwa sababu neno lake moja la kila siku huweza kubeba mamia ya maana, na ushahidi unaoletwa aghalabu ni neno 'set'. Wanaoshikilia hoja hiyo hawachelei kuigeuza wanapokiangalia Kiswahili. Wakikutana na kitenzi 'piga', ambacho hutumika katika kupiga pasi, kupiga simu, kupiga picha, kupiga kura, kupiga magoti na kupiga marufuku, husema kwamba hiyo ni dalili ya ufukara: lugha imekosa vitenzi vya kutosha, hivyo ikalazimika kukitumia kimoja kila mahali. Jambo lile lile huhesabiwa kuwa mali kwa lugha moja na umaskini kwa nyingine.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno 'set' lenyewe kabla ya kuikubali au kuikataa hukumu hiyo. Yanashikilia kwamba idadi ya maana za neno si kipimo cha utajiri wa lugha. Idadi hiyo ni zao la mambo matatu: historia ya neno, muundo wa sarufi ya lugha husika, na kanuni ambazo mtunga kamusi amejiwekea. Suala hili si la nadharia tupu. Tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kazi ya kufasiri sheria, hukumu na nyaraka za serikali imekuwa wajibu, na mfasiri anayedhani kwamba neno moja la Kiingereza hudai neno moja la Kiswahili huweza kuigeuza haki ya mtu bila ya kukusudia.

Hesabu na wahesabuji

Ugumu wa maneno ya namna hii ulijulikana zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alilalamika juu ya kundi la vitenzi vya Kiingereza ambavyo maana yake ni legevu na pana mno kiasi cha kutoshikika, na 'set' na 'run' ni miongoni mwa aliovitaja. Lalamiko hilo linafaa kukumbukwa. Huyo aliyeheshimiwa kuliko watunga kamusi wote wa Kiingereza wa karne yake hakuuona wingi huo wa maana kuwa fahari. Aliuona kuwa mzigo.

Ilipotolewa chapa ya pili ya Oxford English Dictionary mwaka 1989, katika mabuku 20, kidahizo cha 'set' ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Kilichukua maneno yapatayo 60,000, na kitenzi peke yake kiligawanywa katika maana zaidi ya 430. Baadaye, wahariri wa chapa ya tatu walipolifanyia kazi upya neno 'run', walikipa kitenzi hicho maana 645, na taji likahama. Yafaa kujiuliza ni nini kilichotokea kati ya hesabu hizo mbili. Haiwezekani kwamba Waingereza walianza ghafla kulitumia neno 'run' kwa namna mpya mamia kwa mamia. Chapa ya mwaka 1989 kwa sehemu kubwa iliunganisha kamusi ya kwanza, iliyotolewa kwa vijitabu kati ya mwaka 1884 na 1928, na nyongeza zilizotoka kati ya mwaka 1972 na 1986. Chapa ya tatu ilikuwa na mifano mingi zaidi, vyombo bora zaidi vya kuitafuta, na wahariri waliokuwa tayari kugawa maana kwa wembe mkali zaidi. Kilichoongezeka kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mhariri.

Aidha, hesabu hiyo huchanganya mambo ambayo mtumiaji wa kawaida hangeyachanganya. Kwanza, kamusi hiyo ni ya kihistoria: maana iliyokufa karne nyingi zilizopita huandikwa sawasawa na ile inayotumika leo. Pili, hujumuisha chini ya kidahizo kimoja vifungu kama 'set up', 'set off', 'set out', 'set in' na 'set aside', ambavyo kila kimoja kina maisha yake. Tatu, huingiza matumizi ya mafundi na wanataaluma: mpiga chapa, mwashi, baharia, mtabibu, sonara. Mtu mmoja hawi na maana zote 430 kichwani. Kamusi ni ghala la jamii nzima katika muda wa zaidi ya miaka elfu moja, na si sahihi kulilinganisha ghala hilo na kumbukumbu ya mzungumzaji mmoja wa Kiswahili, wala na kamusi ya Kiswahili isiyotungwa kwa kanuni hizo.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, mathalani, ilikusudiwa kueleza lugha ya wakati wake, wala haikukusudiwa kufuata historia ya kila neno tangu maandishi ya kale. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Sacleux, iliyoanza kutolewa mwaka 1939, zina hazina kubwa ya matumizi ya zamani na ya lahaja, lakini nazo zilitungwa kuwafaa wasomaji wa lugha za Ulaya. Kiswahili hakijapata kamusi inayoanza na miswada kama ule wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na kushuka nayo hadi leo, ikiandika kila maana na tarehe yake. Maadamu kamusi hiyo haipo, kulinganisha idadi za maana ni kulinganisha shamba lililopimwa na shamba ambalo halijapimwa.

Neno lililokatika kamba

Kwa nini basi 'set' lilitanuka kiasi hicho? Jibu la kwanza limo katika asili yake. Katika Kiingereza cha kale, 'settan' lilikuwa umbo la kusababisha la 'sittan', yaani kuketi. Maana yake ya msingi ilikuwa kuketisha. Kiingereza kilikuwa na utaratibu wa kubadili irabu ya shina ili kuonyesha kwamba mtu amekifanya kitu kitende. Mabaki ya utaratibu huo ni jozi chache: 'sit' na 'set', 'lie' na 'lay', 'fall' na 'fell', 'drink' na 'drench'.

Mtu ajuaye Kiswahili hana shida ya kuuelewa utaratibu huo, kwa kuwa jozi hizo nne zina wenzao kamili: keti na ketisha, lala na laza, anguka na angusha, nywa na nywesha. Tofauti kubwa ni kwamba kwa Kiswahili utaratibu huo ungali hai. Mtoto huujua kabla hajaingia shule, na huutumia hata kwa vitenzi ambavyo hajapata kuvisikia katika kauli hiyo. Kwa Kiingereza utaratibu ulikufa, na maumbo yaliyozaliwa nao yakaachwa yatima. Msemaji wa Kiingereza hasikii tena kunywa ndani ya 'drench', neno ambalo leo humaanisha kulowesha chepechepe. Vivyo hivyo hasikii kuketi ndani ya 'set'. Neno lililopoteza mzazi wake ni kama mbuzi aliyekatika kamba: hula popote. Kitenzi 'ketisha' hakiwezi kutangatanga hivyo, kwa sababu 'keti' limemfunga karibu na nyumbani.

Jibu la pili ni kwamba 'set' si neno moja. Nomino yenye maana ya kundi la vitu au watu wanaokwenda pamoja ilitoka katika Kifaransa cha kale, 'sette', na kabla ya hapo katika Kilatini, 'secta', yaani wafuasi au madhehebu. Nomino hiyo iliingia Kiingereza, ikakikuta kitenzi kinachofanana nayo kwa sauti, na kwa kupita muda maana za maneno hayo mawili zikaathiriana hata zikadhaniwa kuwa ukoo mmoja. Sehemu ya wingi unaosifiwa, kwa hiyo, ni ajali ya sauti mbili kukutana. Hakuna anayesema kwamba Kiswahili ni tajiri kwa sababu 'paa' ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kwenda angani.

Mgawanyo wa kazi

Hebu sasa zitazamwe maana chache za 'set' zilizo hai, na jinsi Kiswahili kinavyozigawa. Mtego hutegwa. Mtihani hutungwa. Meza huandaliwa. Mfupa uliovunjika huungwa. Kito hupachikwa katika pete. Tanga hutwekwa. Kuku huatamishwa. Siku ya arusi huwekwa. Mateka huachiliwa huru. Saruji hushika. Maziwa huganda. Jua hutua, au huchwa. Kwa Kiingereza, 'set' huweza kutumika katika kila moja ya kauli hizo.

Orodha hii huweza kusomwa vibaya kwa njia mbili. Msomaji mmoja atasema kwamba Kiingereza kina uwezo wa ajabu kwa kuwa hutumia neno moja kwa kazi kumi na mbili. Mwingine, kwa kulipiza, atasema kwamba Kiswahili ni bora kwa kuwa kina neno mahususi kwa kila kazi. Wote wawili wanahesabu badala ya kuchunguza. Lililo la kweli ni kwamba katika mifano hii kitenzi cha Kiswahili hueleza jinsi kitendo kinavyofanyika, hata bila ya nomino: anayesikia 'tweka' hujua kwamba kuna kitu kinachoinuliwa juu, na anayesikia 'atamisha' hujua kwamba kuna mayai. Kitenzi cha Kiingereza hakielezi hayo. Huiachia nomino inayokifuata kazi ya kueleza.

Kiswahili nacho hutumia njia hiyo, ila mahali pengine, na hapo ndipo 'piga' linapoingia. Katika kupiga pasi, kupiga randa, kupiga chapa, kupiga deki na kupiga mswaki, nomino ni chombo au kazi ya chombo, na kitenzi husema tu kwamba chombo hicho kimetumika. Katika kupiga kelele, kupiga yowe, kupiga mbinja na kupiga hodi, nomino ni sauti inayotolewa. Katika kupiga magoti na kupiga mbizi, ni namna ya kuuweka au kuutupa mwili. Hizi si maana zilizotawanyika ovyo. Ni mafungu yenye utaratibu, na utaratibu huo ndio uliokiwezesha Kiswahili kuipokea simu na picha bila ya kuazima kitenzi cha kigeni. Anayeliita 'piga' dalili ya ufukara, ilhali analiita 'set' dalili ya utajiri, hajatoa hoja ya kiisimu. Ametoa hukumu aliyokuwa nayo kabla ya kuufungua mjadala.

Kadhalika, haifai kusahau kwamba kazi inayofanywa kwa Kiingereza na vijineno kama 'up', 'off' na 'out' hufanywa kwa Kiswahili, kwa kiasi kikubwa, na viambishi vya mnyambuliko. Funga na fungua, tega na tegua, choma na chomoa: kinyume cha kitendo hujengwa ndani ya kitenzi chenyewe. Mtunga kamusi akiamua kuviweka vinyambuliko vyote chini ya shina, kidahizo hutanuka. Akiamua kuvipa vidahizo vyao, kidahizo husinyaa. Lugha haijaguswa, lakini hesabu imebadilika.

Tega na tua

Ili isidhaniwe kwamba Kiswahili hugawa tu wala hakikusanyi, inafaa kuviangalia vitenzi viwili ambavyo kila kimoja kimegusa kona ya eneo la 'set'.

Kitenzi 'tega' hutumika kwa mtego, kwa sikio, kwa kitendawili, na kwa chombo kinachowekwa chini ya mchirizi ili kikinge maji. Mwenye kuhesabu ataandika maana nne. Mwenye kuchunguza ataona wazo moja: kukiweka kitu tayari kipokee kitakachokuja. Mtego hungoja mnyama, sikio hungoja neno, kitendawili hungoja jibu, ndoo hungoja maji. Hata hivyo, wazo moja halitoshi kuthibitisha kwamba maana ni moja. Kuna jaribio linalotumiwa na wanaisimu: maana mbili huunganishwa chini ya kitenzi kimoja, kisha huangaliwa kama sentensi inasimama. Ikisemwa kwamba fulani alitega ndoo na masikio, msikilizaji atatabasamu. Tabasamu hilo ni ushahidi kwamba matumizi hayo yamekwisha kutengana, ijapokuwa ukoo wake bado unaonekana. Jaribio hilo hilo hufaa kwa 'set': Mwingereza akiunganisha meza na mfupa chini ya kitenzi kimoja, atawachekesha wenzake.

Kitenzi 'tua' kina mfano ulio karibu zaidi. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua, jua hutua. Kutokana nacho hupatikana tulia, tuliza, utulivu, na kituo, ambacho ni mahali pa kusimama katika safari na pia alama ya kusimama katika maandishi. Kiingereza nacho husema kwamba mzigo na jua 'set', na neno 'settle', lenye maana ya kutulia, lina nasaba moja na 'set'. Lugha mbili zisizo na undugu zimeona kufanana kati ya jua linaloshuka na mzigo unaoshushwa. Hilo ni la thamani kubwa kwa mwanaisimu kuliko tarakimu yoyote, kwa sababu huonyesha kwamba njia za kupanua maana si milki ya taifa moja. Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili ukoo wa 'tua' ungali unaonekana kwa macho, kwa kuwa viambishi vimeuweka wazi.

Neno 'seti' katika Kiswahili

Kiswahili kimelikopa neno hilo, na namna kilivyolikopa inafundisha. Hakikukopa maana 430. Kilichukua hasa nomino: seti ya vyombo, seti ya viti, seti katika michezo kama tenisi na voliboli, na seti katika hisabati. Zaidi ya hayo, maana ya kundi, ambayo ndiyo iliyokopwa zaidi, haitokani na kitenzi cha kuketisha bali na lile neno la Kilatini la wafuasi. Maana za kitenzi, ambazo ndizo nyingi, zilikuta nafasi zote zimekwisha kujazwa na tega, tunga, andaa, unga na wenzao.

Katika hisabati, istilahi ya 'seti' hufaa kwa sababu ni finyu. Georg Cantor, aliyeiasisi nadharia ya seti katika karne ya 19, aliandika kwa Kijerumani na kutumia neno 'Menge'. Wafaransa husema 'ensemble'. Nadharia haikupungukiwa na chochote kwa kuzaliwa nje ya neno 'set' na maana zake zote. Mwanafunzi anayesoma hisabati kwa Kiswahili hukutana na 'seti' akiwa hana mitego, meza wala machweo ya kumchanganya.

Mkopo huo, hata hivyo, una mpaka wake. Vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa katika shule za Kenya, ambavyo kwa Kiingereza huitwa 'set books', kwa Kiswahili ni vitabu teule. Anayeviita vitabu vya seti humfanya msikilizaji afikirie vitabu vinavyouzwa pamoja katika sanduku moja. Neno 'teule' limetoa maana iliyokusudiwa, yaani kwamba kuna mamlaka iliyoviteua, wakati 'seti' lingetoa sauti tu.

Tenga na tengua

Hatari hudhihirika zaidi katika sheria. Kifungu 'set aside' hutumika kwa fedha au ardhi inayowekwa kando kwa ajili ya kazi maalumu. Kifungu hicho hicho hutumika kwa hukumu ambayo mahakama imeiondolea nguvu. Kiswahili hutenganisha: fedha hutengwa, hukumu hutenguliwa. Kati ya vitenzi hivyo kuna tofauti ya kiambishi kidogo tu, lakini kwa mwenye kesi tofauti hiyo ni kubwa. Kilichotengwa kimehifadhiwa, kilichotenguliwa kimevunjwa. Mfasiri akiandika kwamba mahakama ya rufani imetenga hukumu, mtu aliyeshinda rufani atasoma kwamba hukumu dhidi yake imewekwa akiba.

Mfano huo una wenzake. Kamati ikiwa 'set up', imeundwa. Mtu akiwa 'set up', ametegewa njama. Msafiri akiwa 'set off', amefunga safari. Baruti ikiwa 'set off', imelipuliwa. Deni likiwa 'set off', limekatwa dhidi ya deni jingine. Wapo watakaosema kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Ni kweli kwamba muktadha huongoza katika mazungumzo, ambako msikilizaji huweza kuuliza. Nyaraka za sheria hazijibu maswali. Tena, muktadha humsaidia anayejua kwamba kuna maana mbili; humwacha gizani yule ambaye kamusi yake imempa moja.

Hapa ndipo kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinapostahili kukosolewa, pamoja na shukrani kwa kazi kubwa iliyofanywa tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1996. Mtindo wa kupanga visawe mmoja baada ya mwingine na kuvitenga kwa mkato humpa mtafutaji maneno, lakini haumpi uandamani wake. Mwanafunzi anayeona weka, panga, tega, tunga mbele ya kidahizo kimoja huchukua la kwanza, na kwa kuwa la kwanza aghalabu ni 'weka', kila kitu huwekwa: mtihani huwekwa, mfupa huwekwa, hata tanga huwekwa. Hivyo Kiswahili huanza kufanana na lile neno moja la kigeni, na vitenzi vilivyoshika maarifa ya mvuvi, ya fundi na ya mfugaji husahauliwa kimoja kimoja. Ufukara wanaoudai wapinzani wa Kiswahili haukuwapo. Ila unaweza kutengenezwa kwa tafsiri mbaya.

Hitimisho

Neno 'set' halithibitishi utajiri wa Kiingereza, kama vile 'piga' lisivyothibitisha umaskini wa Kiswahili. Maana zake zimekusanywa na historia iliyomkata mtoto na mzazi, na ajali iliyounganisha maneno mawili, na sarufi inayotegemea vijineno, na wahariri wenye subira isiyo kifani. Linalostahili kuigwa ni hilo la mwisho.

Idara za lugha za Kiafrika zina kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuandaa vidahizo vya lugha mbili vilivyopangwa kwa uandamani, ambamo kila kisawe huja na nomino inayokistahili, na ambamo matumizi ya sheria hutengwa na matumizi ya nyumbani. Ya pili ni kuanza kuviandikia historia vitenzi vya Kiswahili kwa kufuata miswada, lahaja na magazeti ya kale. Kazi hiyo haihitaji kuanza na kamusi nzima. Yaweza kuanza na tega, tua na piga, kila mwanafunzi wa uzamili akipewa kitenzi kimoja na muda wa kutosha.